Hesabu ya Miaka Minane ya Bibi Afya wa Kuze

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mwanaesha Taib anavua viatu chini ya ngazi za nyumba moja ya Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Anapiga hodi mara tatu kama ada inavyotaka, na kila mara anangoja kama mtu asiye na haraka. Haraka anayo. Ana nyumba tisa za kuzungukia kabla ya adhuhuri, na ndani ya mkoba wake mweusi, chini ya mizani ya kupimia watoto, mna barua mbili ambazo hana budi kuzijibu kabla ya posta kufungwa Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

Juu, chumbani, mna harufu ya ubani na maji ya moto. Mzazi amelala kitandani, siku ya sita tangu ajifungue. Sakafuni, juu ya mkeka, mkunga Bi Sheikha amenyoosha miguu na kumlaza mtoto juu ya miundi yake, anamwosha.

Mwanaesha anampita mzazi. Anampita mtoto, asimtupie hata jicho. Anakwenda moja kwa moja kwa mkunga, anainama, anambusu mkono.

"Sabalkheri, Bi Sheikha. Umeamkaje?"

"Sabalkheri, mwanangu. Mimi nimeamka, ni magoti haya ndiyo yalokataa."

Wanaulizana habari za nyumbani, za Bimdogo mamake Mwanaesha, na za mvua. Hayo yakishakwisha ndipo Bibi Afya, kama wanavyomwita mtaani, anapouliza kwa sauti ya chini kama atamruhusu amwone mtoto. Bi Sheikha anafunua kitambaa. Kitovu kimekauka vizuri, hakina usaha wala masizi. Pembeni, juu ya jiko la makaa, mna sufuria ndogo ambayo ndani yake ulichemshwa wembe na uzi siku ile ya kuzaliwa, na mkunga hajataka iondolewe mpaka Bibi Afya aione kwa macho yake.

Mwandishi wenu, kwa bahati, ni mwanamke. Lau si hivyo, habari hii ingeishia barazani pamoja na babake mtoto, ambaye tangu asubuhi anaambiwa "ngoja kidogo" na watu wasiokuwa na nia yoyote ya kumwita.

Mwanaesha ana umri wa miaka ishirini na mitano. Anafanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kwa mwaka wa sita sasa, na kazi yake ni kuwafuata wazazi majumbani katika zile siku arubaini ambazo mwanamke wa hapa hatoki nje. Mshahara wake ni shilingi mia tatu na kumi kwa mwezi. Babake, marehemu Taib, alikuwa karani wa bandarini Kilindini, akafariki binti yake akiwa shuleni bado. Mamake anashona kofia za viua, zile zinazotobolewa tundu moja moja kwa sindano. Kofia moja humla miezi miwili, naye huiuza shilingi themanini.

Kwa hiyo nyumba hii ya watu wawili, kwa miaka sita, imesimama juu ya mabega ya Mwanaesha. Halalamiki. "Mamangu alinibeba zaidi ya miaka sita," anasema, na anacheka.

Tunapotoka, Bi Sheikha anamwita mlangoni.

"Zile barua umezijibu?"

"Bado, Bi Sheikha."

"Utakwenda wapi?"

"Nairobi, inshallah."

Mkunga anamtazama, kisha anarudi mkekani kwa mtoto.

Barua ya Nairobi inatoka katika chuo cha wauguzi. Masomo ni miaka miwili na hayana ada. Mwanafunzi anapewa chumba, chakula na shilingi mia moja na themanini kwa mwezi za matumizi. Akihitimu, mshahara unaanzia mia saba na ishirini, na kazi ipo, inamngoja.

Barua ya pili imetoka mbali zaidi, katika chuo kikuu kimoja cha Beirut. Inampa nafasi ya kusomea shahada ya elimu ya afya ya jamii, miaka mitatu. Ada atalipiwa. Nauli ya kwenda na kurudi, vitabu na nusu ya malazi ni juu yake, na Mwanaesha amekwisha kuzijumlisha: shilingi elfu tatu na mia tisa. Katika kitabu chake cha akiba cha posta mna elfu nne na ishirini. Zitakwisha zote, zibakie za kununulia kandambili.

Katika miaka hiyo mitatu hatapata hata senti ya mshahara. Na akirudi na shahada yake, mshahara wa cheo hicho ni mia tisa kwa mwezi, kama cheo kitakuwapo. Mpaka leo hapa Mombasa hakuna aliyewahi kuajiriwa kwa kazi hiyo.

Mwanaesha amepiga hesabu nyuma ya karatasi ya kuandikia uzito wa watoto. Anamwonyesha mwandishi bila haya. Amejumlisha zile elfu tatu na mia tisa, na posho ya Nairobi atakayoikosa, na mwaka mmoja mzima wa mshahara wa muuguzi ambao utapita yeye akiwa bado darasani Beirut. Jumla ni elfu kumi na sita, mia nane na sitini. Kisha ameigawanya kwa zile mia na themanini ambazo mwenye shahada anamzidi muuguzi kila mwezi.

"Karibu miaka minane," anasema. "Nitafika miaka thelathini na sita ndipo nianze kuona faida. Na hapo ni kama hicho cheo watakitoa. Wasipokitoa, nitarudi palepale nilipo, niongezwe shilingi arubaini."

Mkuu wake wa kliniki, Bwana Nicanor Wekesa, ni mtu wa bara mwenye upole na miwani mizito, na hapendi kumdanganya mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu Beirut, na yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri asiende.

"Ningekuwa na binti, ningempeleka Nairobi," anasema. "Nimeomba cheo hicho kiundwe hapa mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa mwakani. Mara ya pili sikujibiwa. Siwezi kumwambia dada Mwanaesha aache chakula kilichopakuliwa akangoje kilichomo jikoni."

Halafu anavua miwani na kuifuta, na anaongeza jambo ambalo hakuulizwa. Katika vichochoro anavyozunguka Mwanaesha, mwaka wa kwanza alipoajiriwa, watoto wachanga tisa walikufa kwa pepopunda. Katika miaka hii mitatu ya mwisho, yote kwa jumla, amekufa mmoja. "Mimi nina wauguzi wazuri sana," anasema. "Hakuna aliyeweza jambo hilo kwa sindano peke yake."

Kwa nini basi Beirut isimtoke moyoni, ikiwa hesabu yote inaelekea Nairobi? Ukimuuliza, Mwanaesha hukusogezea kahawa kwanza. Jibu lake linaanzia kwenye aibu, na aibu hiyo ina jina la Bi Sheikha.

Ulikuwa mwezi wake wa kwanza kazini. Alikuwa na miaka ishirini, gauni jeupe jipya, na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Aliingia katika nyumba ya mzazi, akamkuta mkunga ana masizi na mafuta kiganjani, yuko tayari kumpaka mtoto kitovuni kama walivyopaka mamake na bibi yake. Mwanaesha hakusalimia. Aliushika ule mkono, akayapangusa yale masizi, akayatupa dirishani.

"Nikasema, 'Uchafu huu ndio unaoua watoto.' Mbele ya wanawake saba. Mmoja wao alikuwa mkwewe Bi Sheikha."

Bi Sheikha, aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule walipokuja duniani, alikunja kitambaa chake, akachukua kikapu, akashuka ngazi.

Kuanzia kesho yake hakuna mlango uliofunguka. Mwanaesha alipiga hodi nyumba hadi nyumba. Mzazi amelala. Mzazi hayupo, kana kwamba mzazi wa siku kumi huenda sokoni. Hapa kwetu mkunga hatukanwi, na anayemtukana huwa ametukana kila tumbo alilolipokea. Mambo yalikwenda hivyo miezi minne.

Katika mwezi wa tatu akajifungua Shufaa, rafiki yake wa chuo cha Kurani, waliyesoma naye juzuu amma kwenye jamvi moja. Mwanaesha alikwenda mara mbili, na mara mbili akaambiwa mzazi kapumzika. Siku ya nane akiwa kichochoroni alisikia kilio cha juu, akajua kabla hajaambiwa. Mtoto alikuwa amekakamaa tangu jana yake.

"Dawa ya kuzuia nilikuwa nayo mkobani," anasema. Machozi yanamjia, naye hayafichi. "Na hata dawa isingehitajika. Maji ya moto tu, bibi. Maji ya moto na wembe safi. Niliijua hiyo elimu yote, lakini mtu wa kunisikiliza sikumwacha hata mmoja."

Bimdogo hakumgombeza. Alipika sinia la mkate wa sinia na kaimati, akalifunika kawa, akamshika bintiye mkono wakapanda ngazi mpaka orofa ya tatu kwa Bi Sheikha. Mwanaesha alipiga magoti, akaishika miguu ya yule bibi, akaomba radhi.

"Nimekusamehe," Bi Sheikha alimwambia. "Haya, inuka. Mna maji ya kuteka."

Kwa mwaka mzima, kila alipopata nafasi, Mwanaesha aliyaandama maji hayo. Alimtekea mkunga, akamshikia taa, akamkanda magoti, akanyamaza. Mpaka siku moja, wakimsubiri mtoto aliyekuwa hataki kuja, Bi Sheikha akauliza mwenyewe: "Ule wembe, nyinyi kule mwauchemsha kwa nini?"

Ndipo akamweleza. Na siku ya pili yake wembe ulichemshwa, na wakunga wengine wawili wakaja kuuliza kwa nini Bi Sheikha siku hizi anapika nyembe.

"Ilinichukua mwaka na nusu, na roho ya mtoto wa rafiki yangu, kujua namna ya kumwambia mtu jambo moja," anasema Mwanaesha. "Beirut wanafundisha hilo hilo. Namna ya kuingia, namna ya kusikiliza, mambo gani ya wenyeji uyaache na yapi uyaombe. Kuna wasichana wengine wanaajiriwa kila mwaka, wana gauni jeupe kama langu. Nataka mtu awaambie kabla hawajatupa masizi dirishani."

Hata hivyo, si zile elfu kumi na sita zinazomrudisha nyuma. Angekubali kungoja mpaka thelathini na sita. Kinachomfunga ni shilingi mia moja na kumi.

Mamake anahitaji mia na hamsini kwa mwezi, kodi na chakula. Kofia zinampa arubaini. Zilizobaki, mia na kumi, ndizo ambazo Mwanaesha angeweza kuzituma kutoka katika posho ya Nairobi, na ambazo kutoka Beirut hawezi kuzituma kabisa.

"Nitakula kidogo," Bimdogo ameshamwambia.

"Mama, wewe umeanza lini kula kingi?"

Kuna pia maneno ya watu, kwa kuwa binti hajaolewa na Beirut si Malindi. Hilo Bimdogo analipuuza kwa mkono wenye sindano. "Watu wamesema tangu siku alipovaa lile gauni jeupe. Sasa hata wao wamechoka."

Alhamisi hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, Mwanaesha anakaa karibu na dirisha la chumba cha mbele, na karatasi mbili mbele yake. Ya Nairobi ameshaiandika nusu. Mamake anatoboa kofia na kujifanya hatazami. Chini mlango unabishwa, kisha zinasikika nyayo zikipanda ngazi polepole sana, zikisimama kila baada ya hatua tatu.

Ni Bi Sheikha. Anahema, anakaa, anakataa kahawa, kisha anaichukua.

"Bimdogo," anasema, "nimekuya nina shida. Magoti yangu hayaziwezi tena ngazi za kule kwangu. Orofa tatu, na watoto wa watu hawangojei nishuke. Nasikia chumba cha binti yako kitakuwa kitupu."

"Chumba kipo," Bimdogo anasema kwa uangalifu. "Akienda Nairobi au akienda wapi, chumba kipo."

"La. Nairobi si mbali, atakuwa anarudi kila likizo kunifukuza kitandani. Mimi nataka chumba cha miaka mitatu. Nitalipa mia na kumi."

Mwanaesha anaweka kalamu chini.

Bimdogo naye si mjinga. "Mia na kumi! Nyumba nzima kodi yake ni sabini. Utatoa arubaini."

"Wanionea huruma, Bimdogo? Mia."

"Hamsini, na hapo nimekudhulumu."

"Mia, na samaki na kuku nnaopawa kwa wazazi nitaleta hapa, tutapika pamoja. Wataka nile peke yangu kama mtu asiye na watu?"

Kwa robo saa, mwenye chumba anashusha na mpangaji anapandisha, na sauti zao zinafika mpaka kwa muuza kahawa aliye chini, ambaye baadaye alimwambia mwandishi kwamba alidhani wanagombana. Wanakwama themanini na tano. Hakuna anayetaka kusogea.

"Haya, themanini na tano," anasema Bimdogo. "Na ishirini na tano zilizobaki ni za tambuu yangu, nitaiacha. Meno yenyewe yamebaki manne, siyaonei hasara."

Mwanaesha anasema hapana. Anasema Bi Sheikha amekaa katika chumba chake tangu alipofiwa na mumewe, kwamba yeye anaujua ukweli wa magoti hayo, kwamba aliyapandisha mwenyewe maji ndoo kwa ndoo kwenye ngazi zile na hajawahi kumsikia akizilalamikia kwa dhati. Anauliza, atamlipa vipi? Anaanza kuhesabu kwa vidole: themanini na tano mara thelathini na sita.

Bi Sheikha anakishika kile kiganja na kukifunga.

"Usinihesabie," anasema. "Mimi nimekata vitovu miaka arubaini na mitano. Wewe wajua wangapi walikufa mwaka ule mmoja uloandika kwenye daftari. Mimi nawajua wote. Wanakuya usiku mmoja mmoja, nami nawajua kwa majina ya mama zao. Hakuna alonambia, Mwanaesha. Miaka yote ile hakuna mtu alopanda ngazi akanambia kwa adabu. Wewe ndiwe wa kwanza, na hata wewe ulinitukana kwanza."

Bimdogo amelaza kofia mapajani. Mwanaesha analia kwa sauti, kama mtoto mdogo, na yule bibi anamvuta kichwa, au kitwa kama wasemavyo watu wa kale wa hapa, na kukilaza kwenye magoti hayo hayo mabovu.

"Basi nenda kasome namna ya kuwambia watu kwa adabu tangu mwanzo," anasema. "Ili awepo anayeijua."

Kisha anafungua fundo la leso yake na kutoa noti za miezi mitatu, amezileta tayari.

Jibu la Beirut limetumwa Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mwisho wake. Bwana Wekesa ameahidi kuliandikia baraza la mji kwa mara ya tatu kuhusu kile cheo, na amesema safari hii ataambatanisha zile hesabu za watoto tisa na mtoto mmoja. Mwanaesha ataondoka mwezi wa tisa. Ameshaanza kumfundisha msichana atakayeshika nyumba zake, jina lake Mwikali, mzaliwa wa Machakos, na somo la kwanza lilikuwa kuvua viatu chini ya ngazi na kumbusu mkunga mkono.

Akirudi anataka kufungua darasa la wakunga wa Mji wa Kale, kwenye chumba cha chini cha kliniki ambamo sasa huwekwa masanduku ya maziwa ya unga. Alipomwambia Bi Sheikha kwamba angependa awe mwanafunzi wake wa kwanza, bibi huyo aliudhika kweli kweli.

"Mwanafunzi wa nani? Mimi nitakaa mbele, nifunze. Wewe utaandika ubaoni."

Wamekubaliana hivyo. Ile hesabu ya miaka minane Mwanaesha hajaichana, imo mkobani bado, kwa sababu ni ya kweli na yeye hapendi kujidanganya. Lakini anasema iko nyingine ambayo hathubutu kuipiga. Bi Sheikha hajui mwaka aliozaliwa. Wanaomkumbuka akiwa msichana wamebaki wawili, na wote wanamtaja kuwa ameipita sabini kitambo.

"Faida itakuja itakapokuja," anasema Mwanaesha Taib, akifunga mkoba wake ili aende nyumba inayofuata. "Mimi namwomba Mwenyezi Mungu hii mitatu tu. Nirudi, nipande ngazi za mamangu, nikikute chumba bado kina mpangaji."